Saa Yangu Ni Bei Gani

Tarehe 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na sikio lako la kushoto likiendelea kufanya kazi nusu siku. La kulia najua lilishastaafu. Ndiyo maana nimeona niandike, maana mara ya mwisho tulipoongea kwa simu jengo zima lilijua habari zangu kabla hazijakufikia wewe.

Huku hatujambo. Dada, anayekaa kwa Baba, amejifungua mtoto wa tatu, wa kike, na ana sauti ya Baba akitafuta miwani. Baba mwenyewe mzima, ila goti. Goti lenyewe lina akili: linauma akitumwa dukani, halimuumi akienda kucheza karata.

Sasa shangazi, kaa kwanza. Nimeacha kazi. Tangu Januari sipo tena pale ofisini. Nabuni mwenyewe, kwa wateja wangu mwenyewe, hapa chumbani kwangu: nembo, tovuti, kurasa za programu za simu, vile vitufe ambavyo unapenda kunicheka kwamba nilisomeshwa miaka minne ili nivichore. Bosi wangu wa zamani si mtu mbaya. Amesema kiti changu hatampa mtu mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo, kila mtu na njia yake.

Baba hajui. Akipiga simu huuliza, "Ofisini hawajambo?" Nami namjibu hawajambo. Sidhani kama ni uongo, watakuwa hawajambo tu. Lakini wewe unamjua kaka yako. Mtu aliyetunza ghala moja miaka thelathini na moja, ukimwambia umeacha mshahara ni kama umemwambia umeuza figo. Nataka nimwambie siku nikiwa nimesimama, siyo sasa nikiwa napepesuka. Kwa hiyo tafadhali, hili liishie kwako.

Nililotaka kukuuliza ni bei. Wateja wanataka niwatoze kwa saa. Mimi nimefanya hivi: ofisini nilikuwa napata mkononi laki tisa na sitini elfu kwa mwezi. Mwezi una saa mia moja na sitini za kazi. Nikagawanya. Elfu sita kwa saa. Naona imekaa vizuri, ila nikiitaja wateja wanakubali haraka mno, na hilo halinipendezi. Wewe umefungua kufuli za milango ya watu miaka yote hii; bei yako uliipataje?

Wako,
Mchora vitufe

*

Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika hapa ni jirani yangu muuza rangi, mimi nasema yeye anaandika. Mikono yangu ina grisi leo. Usijali akikosea, amesoma.

Mimi sijambo. Banda liko pale pale, kati ya rangi na mabati. Mtoto wa dada yako mpeni maziwa, hiyo sauti itamsaidia maishani.

Umeacha kazi. Haya. Sikugombezi, maana na mimi nilipoanza kufungua kufuli baba yetu alisema hakuna mwanamke atakayeitwa kwenye mlango wa mtu ila akiwa mgeni. Alikuja kufungiwa nje mwenyewe, akaniita, na nikamtoza.

Bei yangu ni ya mlango, siyo ya saa, na nitakwambia kwa nini. Zamani nilikuwa na mkono mwepesi sana. Akaniita mwalimu mmoja, kajifungia nje, uji unaungua ndani. Nikafika, dakika mbili, mlango wazi. Kumwambia bei, akakunja uso. "Dakika mbili tu, mama? Kwa pesa yote hiyo?" Nikamwangalia. Uji wake umepona, na bado ananung'unika. Tangu siku hiyo nikiitwa naenda na kigoda. Nakaa. Nachungulia tundu la ufunguo kama nasoma barua. Naguna. Nabadilisha chuma, narudia kile cha kwanza. Naomba maji ya kunywa. Nahema. Dakika kumi na mbili hivi ndipo kufuli linalia. Yule yule mwalimu aliniita tena mwaka uliofuata, akaniongezea na ya nauli kwa kunionea huruma.

Kwa hiyo usiwe mwepesi mbele ya mteja. Watu hawalipii mlango kufunguka, wanalipia kukuona unateseka.

Halafu, hiyo elfu sita. Wa serikali yumo humo, au atakuja kula kwako bila kualikwa? Nijibu hilo.

Baba yako sitamwambia. Ila sipendi.

Shangazi yako

*

Tarehe 12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinifurahisha, na ushauri wako umeniletea balaa. Kwanza habari: mtoto anakua, goti la Baba liko kwenye karata, mimi nina afya. Nimejinunulia kiti kizuri cha ofisi, cha kuzunguka, chenye kuegemeza kiuno. Mtu aliyejiajiri lazima mgongo wake uheshimiwe.

Sasa sikiliza. Nilipata kazi ya mama mmoja mwenye saluni tatu. Anataka nembo, jani moja zuri lililojikunja kama nywele. Nikalichora kwa saa tatu, likatoka zuri hasa. Saa tatu kwa elfu sita, elfu kumi na nane. Nikajiona mjinga. Nikakumbuka kigoda chako. Nikasema ngoja na mimi niteseke kidogo.

Nikaacha saa inaendelea kuhesabu, nikakaa mbele ya kompyuta, nikahema. Nilihema saa mbili nzima, shangazi. Niliguna. Nilienda nikaomba maji kwangu mwenyewe.

Nilichosahau ni kwamba ile programu inayohesabu saa zangu ina tabia ya kupiga picha ya kioo changu kila baada ya dakika kumi na kumtumia mteja, aone kazi inavyokwenda. Mama saluni alipata picha kumi na mbili za jani lile lile, halijasogea hata unywele. Akanipigia simu, kwa upole kabisa: "Binti, nimeziangalia hizi picha. Hili jani lilikuwa linasubiri nini?"

Nilifuta zile saa mbili, nikaomba radhi, na nikaona aibu ambayo mpaka leo nikipita karibu na saluni yoyote natazama upande wa pili. Alilipa, tena alishukuru. Lakini kazi ya kadi na mabango alimpa mwingine.

Kwa hiyo kigoda chako hakifai kwa kompyuta. Nipe ushauri mwingine, na safari hii uwe ushauri unaojua kwamba kuna mteja anayehesabu picha.

Halafu shangazi, grisi imeanza lini kukuzuia kuandika? Barua zako zote za nyuma ninazo, na kila moja ina alama ya kidole gumba cheusi pembeni. Muuza rangi ana mwandiko mzuri, lakini mimi naupenda ule wako wa kuku.

Wako,
Mchora jani

*

Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Bado ni muuza rangi. Amecheka sana habari ya jani mpaka ameharibu karatasi mbili, na karatasi ni zangu. Mimi nimecheka pia, lakini kwa adabu.

Kosa ni langu nusu. Nusu ni lako, maana mimi nahema mbele ya mtu, wewe ulihema mbele ya ukuta.

Tuko wazima huku. Mvua zimenyesha, na mvua ni neema kwangu, mbao zinavimba na watu wanavunja funguo ndani ya makufuli.

Sasa nakurudia palepale. Nilikuuliza kuhusu wa serikali, ukaruka swali langu kama mbuzi anavyoruka dimbwi, ukaenda kuniambia habari za kiti. Nakujua wewe, tangu utoto ukivunja kikombe ulikuwa unaanza kusifia sahani. Ofisini kodi ya mapato walikuwa wanakukatia wao kabla mshahara haujakufikia. Ile laki tisa na sitini ilikuwa imeshapita kwenye ungo. Sasa hakuna anayekukatia. Ukigawanya pesa iliyokatwa, ukamtoza mteja hiyo hiyo, kisha serikali ije ikate tena, unabaki na nini? Mimi kila mlango nikifungua, natenga fungu la wenyewe kabla sijanunua hata kiberiti. Siijui hiyo pesa, haijui njia ya jikoni kwangu.

La pili. Chukua daftari, wiki moja tu. Andika kila saa unayofanya kazi, na pembeni andika nani ameilipia. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, nikagundua nusu ya siku nilikuwa natembea, namsubiri mwenye nyumba atafute mume wake, nanoa vyuma, nasikiliza kwa nini ufunguo umepotea. Hakuna aliyelipia hata moja ya hizo. Basi ikabidi milango iliyofunguka izilishe zile saa za bure.

Fanya haraka. Msimu wa kupeleka hesabu ofisi ya kodi umefika.

Grisi ni grisi tu. Usinichunguze.

Shangazi yako

*

Tarehe 22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku tatu baada ya mimi kutoka ofisi ya kodi. Posta wangekuwa na haraka kidogo, ningekuwa bado nina kiti.

Nilikwenda na furaha zangu, nimepiga pasi. Karani akanipokea vizuri, mama mmoja ana penseli iliyochongwa mpaka inatisha. Akaangalia karatasi zangu. "Mwajiri wako nani?" Nikamwambia ni mimi. "Na mfanyakazi?" Mimi. Akaweka penseli chini. "Basi, mwajiri hajamkatia mfanyakazi kitu chochote tangu Januari. Nikuletee malalamiko dhidi yako wewe mwenyewe?" Foleni yote nyuma yangu ilicheka. Alikuwa anatania, lakini kiasi alichoandika hakikuwa cha utani: laki moja na sitini na nane elfu.

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeikalia. Nimeuza kiti, nimepata laki na nusu, iliyobaki nimeitoa kwenye akiba ambayo sasa ni jina tu. Naandika barua hii nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa kiuno siyo mbaya, kwa heshima ndiyo tatizo.

Nikachukua daftari kama ulivyosema. Wiki nzima, bila kujidanganya. Saa arobaini nilifanya kazi. Saa zilizolipiwa, ishirini. Zingine zilikuwa za kujibu barua pepe, za kuandika makadirio ya kazi ambazo sikupewa, za kumweleza mtu kwa nini mchoraji wa nembo yake hawezi kuwa mpwa wake, na saa tatu nilizopoteza kumtafuta mteja aliyesema atalipa Jumatatu bila kusema ya mwaka gani.

Basi nikarudia hesabu. Nataka mkononi ile ile laki tisa na sitini. Wa serikali anachukua kama moja ya tano ya faida, kwa hiyo lazima faida iwe milioni moja na laki mbili. Juu yake kuna umeme, intaneti, malipo ya programu, na akiba ya kompyuta siku itakapokata roho: laki mbili. Jumla milioni moja na laki nne. Saa ninazouza kwa mwezi ni themanini. Nikagawanya, nikagawanya tena, nikatafuta kosa. Hakuna kosa. Elfu kumi na saba na mia tano kwa saa.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Shangazi, nimekuwa nikiuza saa zangu kwa theluthi ya bei, na nilikuwa najiona mjanja.

Na sasa amekuja mteja mkubwa. Ana tanuri tano za mikate, anataka programu ya watu kuagiza mkate kwa simu, kazi ya miezi mitatu. Mimi namwita Bwana Mikate. Ameniuliza swali moja tu: saa yako bei gani? Nimemwambia nitamjibu. Kila nikitaka kuitaja, mdomo unataja elfu sita wenyewe. Kwa elfu sita siwezi kuishi, nitarudi ofisini. Nikitaja kumi na saba na mia tano atakimbia, nitarudi ofisini. Kiti alichoniwekea bosi kinanisubiri mpaka tarehe thelathini na moja Mei, na usiku naota kinazunguka.

Sitaki kurudi, shangazi. Nimechoka kujifanya sina wasiwasi. Nimeipenda hii kazi ikiwa yangu.

Wako,
Wa kwenye ndoo

*

Tarehe 8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Leo naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Muuza rangi yuko hapo nje, nimemfukuza. Haya mengine hayamhusu.

Umeona mwandiko? Siyo grisi. Vidole vinatetemeka tangu mwaka jana. Daktari ametoa vidonge, vinasaidia kidogo. Nilikuwa nakuficha kama wewe unavyomficha baba yako, kwa hiyo tusilaumiane.

Ninachotaka ujue ni hiki. Mlango wa dakika mbili sasa unanichukua dakika arobaini, za kweli. Siigizi tena. Natoka jasho, chuma kinanidondoka, naomba maji kwa sababu nina kiu. Na watu wananisifu kuliko zamani. Wananiambia, "Mama, umefanya kazi kubwa." Wakati nilipokuwa hodari kweli kweli walikuwa wananung'unika. Nilirudi nyumbani siku moja nikalia, halafu nikacheka, halafu nikala.

Kwa hiyo nimejifunza katika uzee: mteja hajui saa yako ina thamani gani, hawezi kujua, siyo kosa lake. Anajua ulichomwambia tu. Ukimwambia elfu sita, ni elfu sita. Usingoje akuhurumie. Mimi niliishi kwa kuhurumiwa mlango kwa mlango, nikadhani ni ujanja.

Itaje hiyo bei kwa sauti. Anza na ukuta. Kisha mwambie muuza duka wako, asiyehusika. Ukiitaja mara ishirini itakuwa namba tu, kama umri. Na ukishaitaja, funga mdomo. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanataja bei halafu wanaanza kuomba msamaha.

La mwisho. Baba yako ameniandikia, ananiuliza kwa nini siku hizi humsimulii vituko vya ofisini. Sijamjibu. Mimi na yeye tumelala kitanda kimoja utotoni, siwezi kumdanganya kwa maandishi. Nenda ukamwambie. Usipokwenda kabla ya mwezi kuisha, nitasema mimi, na mimi nitasema vibaya.

Shangazi yako,
kwa mkono wake

*

Tarehe 2 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile sehemu ya vidole nimeisoma zaidi. Nimeumia kwamba ulikaa nayo peke yako mwaka mzima. Usinifiche tena, na mimi sitakuficha. Baba naye nimemsomea. Utaona matokeo yake chini.

Niliitaja kwa ukuta. Nikamwambia muuza duka, akasema, "Sawa, lakini sabuni ni ile ile." Baada ya siku nne nikamwandikia Bwana Mikate: elfu kumi na saba na mia tano kwa saa. Nikafunga mdomo kama ulivyosema. Alijibu tarehe ishirini na tisa: "Punguza iwe elfu kumi, tusaini leo. Nasubiri mpaka kesho kutwa."

Kesho kutwa yenyewe ndiyo siku ya mwisho ya kiti. Elfu kumi nilishaipigia hesabu: ni kurudi ofisini polepole, kwa miezi mitatu badala ya siku moja. Lakini ilikuwa inanivuta. Nikaamua liwalo na liwe, nakwenda kwa Baba kwanza, angalau niache kubeba mzigo mmoja.

Nilimkuta sebuleni, amenyoosha goti kwenye stuli. Nikamwambia yote bila kupumzika: nimeacha kazi tangu Januari, nimekudanganya, kodi, jani, ndoo, Bwana Mikate. Nikangoja anigombeze. Akauliza tu, "Hiyo kumi na saba na mia tano uliipataje?" Nikamwonyesha daftari. Akavaa miwani, akafuata mstari kwa mstari na kidole, kama anakagua magunia. Akasema, "Sawa." Kisha akageuza ukurasa mweupe.

Shangazi, akaanza kupiga yake. Mshahara wake wa mwisho ghalani. Saa za kazi. Halafu akaongeza zile alizokuwa anasubiri malori yanayochelewa, za Jumamosi, za kuhesabu upya baada ya wengine kuondoka. Aliandika polepole, hakuruka hata moja. Akagawanya. Ikatoka elfu mbili na mia nane. Aliitazama ile namba muda mrefu. "Miaka thelathini na moja," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza naijua bei yangu." Nilimshika mkono, akauacha ndani ya wangu, na hiyo kwa Baba ni hotuba.

Kisha akachana ule ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni. Akanisukumia simu yangu. "Usimpunguzie huyo wa mikate hata senti. Andika, niko hapa."

Nikaandika: bei ni ile ile, elfu kumi na saba na mia tano, na kiti cha zamani nimeshakikataa. Hilo la mwisho lilikuwa bado si kweli, kwa hiyo nikampigia bosi palepale, nikamshukuru, nikakikataa. Tukakaa, mimi na Baba, tunaangalia simu kama watu wanaosubiri maji yachemke.

Zikapita dakika nne. Ikaingia: "Sawa. Anza Jumatatu."

Nilipiga kelele mpaka mtoto wa dada akaamka chumba cha pili. Nililia kidogo pia. Baba alichukua simu, akausoma ule ujumbe, akaangalia saa ya ukutani, akausoma tena.

"Dakika nne," akasema. Akanigeukia, amekunja uso kuliko nilivyomwona maisha yangu yote. "Wewe mtoto. Kwa nini hukusema ishirini?"

Tunakuja kwako wote wawili mwisho wa mwezi. Anasema anataka kuona hivyo vidole kwa macho yake, na goti halimuumi.

Binti ya kaka yako